Kituo ni cha Nani? Ulinganisho wa Aina Nne za Redio za Marekani Kabla ya Kuzitegemea

Mwaka juzi jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili, katika mji mmoja wa jimbo la Ohio, ilikodi saa moja ya kila Jumapili asubuhi kwenye kituo cha AM. Tulilipia miezi mitatu. Tulisoma taarifa za misiba, michango ya harusi na nafasi za kazi kwenye maghala, na mzee mmoja kutoka Bukavu ndiye aliyekuwa akifungua kipindi kwa salamu ndefu za Kiswahili cha kwao, salamu ambazo Watanzania wa hapa walizicheka mwanzoni kisha wakawa wanazisubiri. Jumapili ya kumi na moja nilifungua redio ya gari nikakuta nyimbo za Krismasi. Ulikuwa mwezi wa Mei. Baadaye niliambiwa kuwa nyimbo za Krismasi zisizo na msimu ni mila ya zamani ya redio za Marekani: kituo kinachojiandaa kubadili mtindo wa vipindi huzipiga mfululizo kwa siku kadhaa, wasikilizaji wa zamani wakate tamaa na wapita njia waanze kuulizana kuna nini. Kituo chetu kilikuwa kimeuzwa. Fedha za wiki tatu zilizobaki tulirudishiwa baada ya kuandika barua tatu.

Tangu hapo watu wa jumuiya nyingine wamekuwa wakiniuliza maswali ya namna hiyo hiyo: kipindi cha Kiswahili kipelekwe wapi, tangazo la duka la vyakula liwekwe kituo gani, na usiku wa tufani isikilizwe redio ipi. Wengi huanza kwa kuulizia umaarufu wa mtangazaji, nguvu ya mitambo na bei. Mimi siku hizi huanzia kwenye jina lililoandikwa katika leseni, na kwenye deni au shinikizo lililo nyuma ya jina hilo. Kituo hubadilika pale hesabu za mwenye leseni zinapomtaka abadilike, na msikilizaji huwa wa mwisho kuambiwa, kama anaambiwa.

Sheria haimzuii mwenye leseni kufanya hivyo. Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri ni cha WNCN ya New York, kituo kilichokuwa kikipiga muziki wa klasiki hadi Novemba 1974, wenyewe walipokigeuza kuwa cha roki na kukiita WQIV. Wasikilizaji waliunda chama, wakapigana, na mwaka 1975 kituo kikapata mmiliki mwingine na muziki wao ukarudi. Chama hakikuishia hapo. Kilitaka Tume ya Mawasiliano ya Marekani, inayotoa leseni za redio na ambayo wengi huiita FCC, ilazimike kupima maslahi ya wasikilizaji kila mara kituo kinapotaka kuacha mtindo usiopatikana kwingine. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na mwezi Machi 1981 majaji waliamua kuwa tume ina haki ya kuliachia soko suala la mtindo wa vipindi. Desemba 1993 WNCN iligeuzwa tena kuwa ya roki, na safari hii haikurudi. Masafa yake, 104.3, leo yamo mikononi mwa iHeartMedia na bado yanapiga roki.

Jambo la pili la kulijua ni sheria ya mawasiliano ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini Februari 1996. Kabla yake kampuni moja kwa kawaida haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 nchi nzima, yaani 20 vya AM na 20 vya FM. Sheria iliondoa kikomo cha taifa moja kwa moja, ikaacha vikomo vya kila soko: mji wenye vituo 45 au zaidi, mmiliki mmoja anaweza kushika hadi 8, visizidi 5 vya AM au 5 vya FM; mji mdogo wenye vituo 14 au pungufu, anaweza kushika hadi 5 ilimradi visizidi nusu ya vituo vyote. Kampuni ya Clear Channel ya San Antonio, baada ya kuinunua kampuni nyingine ya redio iliyoitwa AMFM mwaka 2000, ilijikuta na vituo takriban 1,200. Kampuni hiyo ndiyo inayoitwa iHeartMedia tangu mwaka 2014.

Kampuni kubwa

Niseme kwanza mazuri yake, kwa sababu wanaharakati huyasahau. Kituo cha kampuni kubwa husikika vizuri hadi vitongoji vya mbali, kina watu wa mauzo wanaopokea simu, na kwa kuwa jirani zake vyumba vinne katika jengo lile lile ni vituo vya kampuni hiyo hiyo, mwenye duka anaweza kununua tangazo moja likasikika kwenye muziki wa country, kwenye michezo na kwenye habari kwa mkataba mmoja. Anayetaka watu wajae kwenye ufunguzi wa mgahawa Jumamosi ijayo hana sababu ya kukwepa mlango huo.

Tatizo linaanza pale mtu anapotaka kujenga kitu cha kudumu. Clear Channel ilinunuliwa mwaka 2008 na kampuni za uwekezaji za Bain Capital na Thomas H. Lee kwa fedha za mkopo, na mkopo ukaandikwa kwenye vitabu vya kampuni yenyewe iliyonunuliwa. Machi 2018, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, ikatoka mwaka uliofuata. Cumulus, kampuni nyingine kubwa ya redio, ilikuwa imeitangulia kwenda mahakamani Novemba 2017. Audacy, ambayo zamani iliitwa Entercom na iliyomeza vituo vya CBS mwaka 2017, ilifuata Januari 2024. Hizi ni kampuni tatu ambazo msikilizaji wa miji mingi mikubwa ya Marekani hukutana nazo anapozungusha kitufe, na zote tatu zimepita mlango huo katika muda usiofika miaka saba.

Deni la namna hiyo hulipwa kwa kupunguza watu, kisha kwa kuuza masafa. Mtangazaji anayekutakia asubuhi njema kutoka Ohio huenda alirekodi maneno hayo jana, akiwa jimbo jingine, pamoja na salamu za miji mingine mitano. Mwaka 2017 FCC ilifuta hata sharti la zamani lililokitaka kila kituo kiwe na studio kuu ndani ya eneo linalohudumiwa au karibu nalo, kwa hiyo leo kituo kinaweza kuwa na mnara mjini kwenu bila kuwa na mlango wa kubisha.

Wanaotaka kuona hatari ya mpangilio huu hutaja Minot, mji wa North Dakota. Usiku wa tarehe 18 Januari 2002 treni ya mizigo iliacha reli na wingu la amonia likafunika mtaa. Mtu mmoja alikufa na mamia waliumia. Vituo vyote sita vya biashara vya mji huo vilikuwa vya Clear Channel. Polisi walipiga simu kwenye kituo kilichoteuliwa kutoa tahadhari wakakosa wa kupokea. Kampuni ilijitetea kwamba kasoro ilikuwa kwenye mtambo wa tahadhari upande wa mamlaka za mji, na utetezi huo haukuwa wa kupuuzwa. Hata ukikubaliwa wote, bado vituo sita vilikuwa chini ya paa moja, na simu isipopokelewa pale, hakukuwa na kituo cha saba cha biashara cha kupigia.

Kampuni kubwa ina sababu nyingine ya kubadili vipindi ambayo mmiliki mdogo hana: haipendi vituo vyake vigombanie wasikilizaji wale wale. WINS na WCBS za New York zilikuwa mahasimu wa habari za saa 24, moja tangu 1965 na nyingine tangu 1967, hadi Westinghouse, iliyokuwa na WINS, ilipoinunua CBS mwaka 1995 na mahasimu wakalala nyumba moja. Waliishi hivyo karibu miaka 30. Agosti 2024 Audacy, iliyovirithi vyote viwili, ilizima habari za WCBS 880, na masafa hayo yakapewa Good Karma Brands kwa mkataba wa kukodi ili yarushe michezo ya ESPN. WCBS ilikuwa na wasikilizaji hadi siku ya mwisho. Kosa lake lilikuwa kuwa na ndugu anayefanya kazi ile ile.

Kwa haki, kampuni kubwa huweza pia kurudi nyuma. Tarehe 3 Juni 2005 WCBS-FM, iliyokuwa ikipiga nyimbo za zamani, iligeuzwa bila kuwaaga wasikilizaji kuwa Jack, mtindo usio na watangazaji, na watu wazima wa New York wakahisi kama wamevunjiwa nyumba. Hesabu hazikuwafurahisha wenyewe. Tarehe 12 Julai 2007 nyimbo zile zilirudi, saa saba na dakika moja mchana, kwa saa ya kule 1:01, kwa kuwa masafa ni 101.1. (Kwa saa zetu utani huo unapotea wote.) Lakini walirudi kwa sababu biashara ilikuwa imeharibika, na anayekodi saa moja ya Jumapili hana uwezo wa kuiharibu biashara ya mtu.

Mmiliki mmoja

Baada ya kisa cha kampuni kubwa, wengi hukimbilia kwa mmiliki wa kituo kimoja au viwili, na mara nyingi wanafanya vyema. Mfano ulio wazi ni WABC 770 ya New York, kituo mashuhuri kilichoacha muziki mwaka 1982 kikawa cha mazungumzo. Cumulus, ikihitaji fedha, ilikiuza kwa John Catsimatidis, tajiri wa maduka ya vyakula wa mji huo huo, kwa dola milioni 12.5, na mauzo yakakamilika mwaka 2020. Mwenyewe anakaa mjini, ana maoni makali ya siasa ambayo huyasema hewani, na pia alirudisha muziki wa zamani wikendi. Bruce Morrow, mtangazaji ambaye wote wanamjua kama Cousin Brucie, aliyeng'ara WABC miaka ya 1960 na baadaye akapoteza kipindi chake WCBS-FM ilipogeuzwa mwaka 2005, alirudi WABC mwaka 2020 akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi. Uamuzi wa namna hiyo hautoki kwenye kamati ya wadai. Unatoka kwa mtu mmoja aliyeamka akiutaka.

Na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kwa sababu mtu huyo anaweza kuamka siku nyingine akitaka jambo jingine, au asiamke, na warithi wakauza. Vituo vya AM vina mtego wa ziada: minara yake inahitaji kiwanja kikubwa, na miji imekua hadi kiwanja kikawa na thamani kuliko redio. WMAL ya Washington ilikuwa na minara kwenye ardhi ya Bethesda, Maryland, ambayo Cumulus iliiuza kwa zaidi ya dola milioni 70 ili zijengwe nyumba. Linganisha na bei ya WABC hapo juu, kituo chenye jina kubwa katika mji mkubwa kuliko yote, uone ni kipi mmiliki wa AM anakuwa amekikalia.

Vituo hivi vidogo vya AM ndivyo pia vinavyouza saa kwa jumuiya za wahamiaji, na kwa mgeni ndio mlango ulio rahisi kuliko yote: unalipa, unaleta faili au unakuja na kinasa sauti chako, unarushwa. Unaruhusiwa kuuza matangazo ndani ya saa yako, kutaja bei na kuwaambia watu waje. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kwa kanuni za FCC mwenye leseni hawezi kuyatoa madaraka yake juu ya kinachorushwa, kwa hiyo hata mkataba mzuri kiasi gani humwachia haki ya kukikatiza kipindi chako. Mkataba wetu uliosemwa mwanzoni ulikuwa na kifungu hicho. Nilikiona. Nilidhani ni maneno ya mawakili.

Redio zisizo za biashara

Chini ya jina hili kuna viumbe vitatu visivyofanana: redio za vyuo na za umma, mitandao mikubwa ya kidini, na redio za jamii zenye chama chao wenyewe. Sheria ya pamoja ni kwamba haziruhusiwi kurusha matangazo ya biashara. Mfadhili hutajwa na kushukuriwa, lakini huwezi kusema mchele wa kilo tano ni dola kumi, wala njooni leo. Kwa mwenye duka hilo peke yake huweza kumaliza ulinganisho.

Redio ya chuo huonekana imara kuliko zote, kwa sababu nani atauza redio ya chuo? Januari 2011 Chuo Kikuu cha San Francisco kiliuza masafa ya KUSF kwa dola milioni 3.75 kwa mtandao wa muziki wa klasiki, na watangazaji wa kujitolea, waliokuwa wakirusha hata vipindi vya lugha za wahamiaji, walikuta kituo kimeshakatwa hewani siku mauzo yalipotangazwa. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston kiliuza masafa ya KTRU yenye wati 50,000 kwa dola milioni 9.5, na shirika la vyombo vya habari vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, liliachana na masafa ya WRVU katika kipindi hicho hicho. Mwenye leseni kwa kawaida ni chuo chenyewe, na bodi ya chuo ina mabweni ya kujenga.

Redio za umma zilipata pigo la aina nyingine. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa shirika la taifa linalogawa fedha kwa redio na televisheni za umma, na mwanzoni mwa Agosti shirika hilo likatangaza kuwa linafunga shughuli. Kituo cha mji mkubwa chenye wafadhili wengi kinaweza kuhimili. Kituo cha kijijini kilichotegemea ruzuku hiyo kwa sehemu kubwa ya bajeti ni cha kuulizwa maswali kabla hujakipa kipindi.

Mitandao ya kidini ndiyo inayonishangaza zaidi. Educational Media Foundation, wenye mtandao wa muziki wa Kikristo wa K-LOVE, huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, na kwa kuwa haina biashara, vikomo vya umiliki nilivyovieleza havivigusi vituo vyake. Hivyo kampuni yenye deni inapotafuta mnunuzi wa haraka mwenye fedha taslimu, huwa yupo. Masafa ya KSWD ya Los Angeles yalikwenda huko mwaka 2017, WLUP ya Chicago, kituo cha roki cha miaka mingi, mwaka 2018, na mwaka 2019 Cumulus iliuza vituo sita kwa dola milioni 103.5, WPLJ ya New York ikiwa kimojawapo. Kwa mpenzi wa muziki wa Kikristo hii ni redio isiyoyumba kuliko zote katika ulinganisho huu. Kwa jumuiya inayotafuta saa ya lugha yake haina nafasi, maana vipindi hutoka makao makuu na kurushwa nchi nzima.

Aina ya tatu ni ndogo, na ndiyo ningeitafuta kwanza kama ipo mjini: redio ya jamii ambayo leseni yake inashikiliwa na chama kisicho na kazi nyingine isipokuwa redio hiyo. KFAI ya Minneapolis, iliyoanza mwaka 1978, ni ya namna hiyo, na imekuwa ikitoa vipindi vya lugha nyingi, Kisomali kikiwamo. Chama cha aina hiyo hakina mabweni ya kujenga wala wadai wa Wall Street. Kina foleni ya watu wanaotaka saa, na mikutano mirefu.

Kituo cha wati 100

FCC iliunda leseni za FM za nguvu ndogo mwaka 2000, wakati hasira juu ya muungano wa makampuni ikiwa juu. Vituo vikubwa vilipinga vikidai kuingiliwa masafa, Bunge likazibana leseni hizo zisiingie miji mingi, hadi sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama Januari 2011 ilipofungua tena njia. Masharti yake yanasomeka kama yameandikwa na mtu aliyechoshwa na yote niliyoyaeleza juu: leseni ni ya chama kisicho cha faida kilichopo hapo hapo, kwa kawaida chama kimoja leseni moja, na haiwezi kuuzwa kwa faida. Hakuna cha kumtamanisha mnunuzi. KTRU ya Houston, baada ya wati 50,000 kwenda zake, ilirudi hewani mwaka 2015 kwa leseni ya aina hii, na Wasomali wa Minneapolis wana kituo chao wenyewe, KALY-LP, kwenye 101.7.

Bei ya usalama huo ni udogo. Wati 100 hufika takriban kilomita 5.6 kutoka kwenye mnara. Kituo kikubwa kikihitaji nafasi, kidogo ndicho kinachopisha. Matangazo ya biashara hayaruhusiwi. Ni lazima kisikike angalau saa 36 kwa wiki, jambo linalovunja vyama vingi vya watu wenye zamu mbili za kazi, na maombi hayapokelewi siku yoyote mtu anapotaka: dirisha lilifunguliwa 2000, likafunguliwa 2013, kisha Desemba 2023. Kwa hiyo kwa wengi wetu chaguo halisi ni kuomba saa kwenye kituo kidogo kilichopo.

Nikiulizwa na mwenye duka, humpeleka kwa kampuni kubwa au kwa mmiliki mmoja, alipe kwa wiki, asisaini mwaka. Nikiulizwa na anayetaka kusikiliza habari za hatari, humwambia asitegemee kituo kimoja wala vituo viwili vya mmiliki mmoja. Nikiulizwa na jumuiya, huanza na redio ya jamii, kisha kituo cha wati 100, na saa ya kukodi huiweka mwisho, ilipiwe mwezi mwezi. Kabla ya hayo yote humfungulia jalada la wazi la kituo kwenye tovuti ya FCC, ambalo kila kituo cha nguvu kamili hulazimika kuwa nalo, kuangalia taarifa za umiliki na kama kuna ombi la kuhamisha leseni. Leseni haihamishwi bila ombi, na ombi likishatangazwa umma una siku 30 za kulipinga. Pingamizi la mtindo wa vipindi halitafika mbali, lakini siku 30 zinatosha kudai fedha yako mapema.

Sisi sasa tupo kwenye kituo cha wati 100 cha chama cha mtaa, Jumapili saa mbili asubuhi. Mmoja wetu hufanya kazi ya usiku ghalani, kilomita 20 nje ya mji, na hutoka kazini muda huo huo. Anasema njia nzima husikia muziki wa country wa kituo cha mji wa jirani, kwenye masafa yale yale, hadi anapokaribia daraja la barabara kuu. Hapo muziki huanza kukwaruza, na katikati ya daraja mzee wa Bukavu hutokeza, akiwa bado kwenye salamu.